Trekta dogo: la kulima kodi, la kusomba nunua

Jirani yangu hapa Mlali, chini ya milima ya Uluguru, alinunua trekta dogo la Kijapani la nguvu ya farasi 24. Lilikuwa limetumika, lakini rangi ilikuwa inang'aa na injini ilikuwa inaitika ukigusa ufunguo tu. Siku ya kwanza akalifunga plau la sahani tatu aliloazima kwa mwenye trekta kubwa. Alipovuta wenzo wa haidroliki ili plau linyanyuke, kilichonyanyuka ni pua ya trekta. Magurudumu ya mbele yakabaki yananing'inia kiganja kimoja juu ya ardhi, na vijana waliokuja kushangaa wakapiga miluzi. Ikabidi watu wawili wakae kwenye boneti ndipo wafike shambani. Huko nako, sahani zilipoingia ardhini tu, matairi ya nyuma yakaanza kuzunguka palepale yakachimba mashimo mawili, huku injini ikinguruma bila wasiwasi.

Hilo la mwisho ndilo la kuangalia. Injini haikuzimika wala haikulemewa. Nguvu ilikuwepo, kilichokosekana ni uzito. Kijijini kisa hiki kilisimuliwa kama ushahidi kwamba matrekta madogo ni takataka, na kwa muda mrefu nami niliamini hivyo, mpaka nilipoanza kutafuta la kwangu na kulazimika kuelewa linavyofanya kazi.

Farasi na kilo

Swali la kwanza tunalouliza siku zote ni "lina farasi ngapi?" Namba iliyobandikwa ubavuni ni nguvu ya injini. Ikifika kwenye shafti ya nyuma, hiyo tunayoiita PTO, inayozungusha rotaveta (mashine ya visu ya kutifua udongo) au mashine ya kukatakata majani, hubaki kama asilimia 85. Ikishuka kwenye matairi na kugeuka nguvu ya kuvuta kitu kwenye udongo uliolegea, mara nyingi hubaki nusu au zaidi kidogo, nyingine inaishia kwenye kuteleza. Kinachozuia kuteleza ni kilo zinazokandamiza tairi. Kwa kukadiria tu, kwenye udongo wa shambani trekta huvuta karibu nusu ya uzito uliolalia magurudumu yanayosukuma. Kwa hiyo trekta la kilo 900 haliwezi kuvuta kama la kilo 2,500, hata ukilifunga injini ya lori.

Sasa weka plau hapo. Kila sahani moja inataka farasi 15 hadi 20, na plau la sahani tatu lenyewe lina kilo mia tatu na kitu, zote zikining'inia nyuma ya ekseli. Isitoshe, plau la sahani huingia ardhini kwa uzito wake. Ukilipunguza uzito ili trekta dogo liliweze, linaparaza juu ya ardhi kama kuku. Ndiyo maana matrekta yanayozunguka vijijini kulimia watu ni ya farasi 50 kwenda juu, na hayapunguzwi bila kupoteza kazi yenyewe.

Wazee watakubishia hapa: mbona Ferguson lile dogo la kijivu, TE20, lililotengenezwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, lilikuwa na tani moja na kidogo tu na lililima? Lililima kweli. Lakini lilivuta plau la majembe mawili, ndugu wa lile la maksai, ambalo hujivuta lenyewe kwenda chini. Na Harry Ferguson alikuwa amebuni ile mikono mitatu ya nyuma inayofanya plau likipata ugumu liyakandamize matairi ya nyuma badala ya kuyaacha yaelee. Mikono hiyo ndiyo inayotumika kwenye karibu kila trekta mpaka leo. Ardhi iliyolimwa kule Uingereza nayo ilikuwa na unyevu, si udongo uliookwa miezi mitano.

Habari ya udongo uliookwa, Tanzania inayo kumbukumbu ya gharama kubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga pale Kongwa wakiwa na matrekta mengi, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu iliwasumbua, lakini udongo uliwasumbua zaidi: mvua zikikata unakuwa kama saruji, na majembe yanalika. Mradi ukaachwa mwaka 1951. Ikiwa kifaru kilishindwa, sioni kwa nini umlaumu Mjapani wa farasi 24.

Rotaveta ni habari nyingine kabisa. Haisubiri kuvutwa. Visu vyake vinazungushwa na PTO, vinakata udongo, na kwa kule kuzunguka vinalisukuma trekta mbele. Kwa hiyo trekta jepesi linaiweza, mradi uhesabu farasi 20 hadi 25 kwa kila mita moja ya upana. Mashine ya upana wa mita moja na ushee inalitosha trekta kama la jirani yangu. Ila haiendi chini: sentimita 10 hadi 15, na ukiipitisha kina kilekile mwaka hata mwaka inaacha tabaka gumu ambalo mizizi ya mahindi inagonga mwamba. Vitalu vya nyanya na mchicha itakutolea udongo laini kama unga. Shamba la mahindi lililokauka litakurusha kwenye kiti.

Kwa walio nyanda za juu kuna jambo la kuongeza. Injini ya dizeli isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu, sehemu ya tano ya farasi ulionunua wanabaki kwenye karatasi. Ukinunua ukiwa Dar es Salaam na kujaribia hapohapo, utalishangaa likifika nyumbani.

Hesabu ya ekari nane

Nina ekari nane. Trekta kubwa lenye sahani tatu hulima ekari moja kwa saa moja na robo hivi, kwa hiyo kulima shamba langu lote ni kazi ya siku moja ndefu. Haro, yaani kuvunja mabonge baada ya kulima, ni siku nyingine. Huku kwetu tuna vuli na masika, basi nikilima misimu yote miwili nahitaji trekta la kulima siku nne kwa mwaka. Zile 361 zilizobaki plau halina kazi.

Tuseme kulimiwa ekari ni shilingi 60,000 na haro ni 40,000. Weka bei za kwenu, hesabu ni ileile. Nalipa laki nane kwa msimu, milioni moja na laki sita kwa mwaka. Trekta dogo lililotumika pamoja na rotaveta, tuseme milioni 22. Nikilinunua ili niache kulipa wenye matrekta, litarudisha fedha baada ya karibu miaka 14, nikiwa sijaweka dizeli, tairi wala fundi, na likiwa linalima kina kifupi kuliko lile nililokuwa nakodi. Rafiki zangu hujibu kwamba watalimia na watu wengine. Sawa, lakini mteja anayelipia ekari anataka kuona udongo umepinduliwa, na mwenye sahani tatu anamaliza ekari moja kwa saa moja na robo, wakati wewe na rotaveta yako ya mita moja na ushee unatumia saa moja na dakika 40.

Hapo ndipo karibu niache wazo lenyewe. Kilichonirudisha ni daftari. Kwa mwezi mmoja niliandika kila kazi ambayo mtu, mkokoteni au bodaboda ilifanya na trekta lingeweza kuifanya. Zilifika saa 46. Kati ya hizo, 29 zilikuwa za kusomba tu: samadi kutoka zizini, mapipa ya maji, majani ya ng'ombe, matenga ya nyanya kwenda barabarani. Kukatakata majani ya mifugo kulichukua saa 9, kupukuchua mahindi 5, kutifua vitalu 3. Kulima shamba, kitu ambacho kila mtu anakitaja kwanza akitaja trekta, hakukuwemo kabisa, maana haukuwa mwezi wake.

Fanya daftari lako kabla hujaenda kuangalia trekta lolote. Uchukue mwezi wa kawaida, usichukue wa mavuno. Linaweza kukuambia jambo usilolitaka, kwamba huhitaji trekta. Ikiwa njia yako ni kavu, shamba ni tambarare na karibu kazi yote ni kusomba, guta la injini la matairi matatu litafanya kwa sehemu ndogo ya bei, na fundi wake yuko kila kona. Mimi lilinishinda kwa sababu ya kijito: mwezi wa nne tope la pale linameza guta mpaka kwenye boksi.

Pawatila inayolaumiwa bure

Katikati ya guta na trekta ipo pawatila, mashine ya magurudumu mawili unayoishika mikono kama baiskeli, nyingi zikiwa na injini ya dizeli ya silinda moja ya farasi 12 hadi 15. Baada ya Kilimo Kwanza, kampeni ya serikali ya kuinua kilimo, kuzinduliwa mwaka 2009 ziligawiwa halmashauri nyingi, na kwenye nchi kavu nyingi ziliishia kuegeshwa au kubeba matofali. Nenda Mbarali kwenye majaruba ya mpunga, ukazione zinavyovuruga tope asubuhi hadi jioni. Udongo uliojaa maji hauna ubishi, na mashine nyepesi haizami.

Kwa nchi kavu kuna hesabu moja inayotosha. Rotaveta ya pawatila ina upana wa sentimita 60 hivi. Ili kumaliza ekari moja, yenye mita za mraba 4,047, unatembea nyuma yake karibu kilometa 6 na mita 700, ukiishikilia isiruke. Ekari nane ni kama kutoka Morogoro mjini ukaipita Mikese na kuvuka nusu ya njia ya Chalinze kwa miguu, mikono ikitetemeka njia nzima. Kwa vitalu vya robo ekari na tela la kusombea samadi, lakini, ni mashine ya maana, na ndiyo rahisi kuliko zote kufunguliwa na fundi wa kijijini.

La Kijapani au Massey la mzee

Ukibaki kwenye trekta lenyewe, njia za bei nafuu ni mbili. Ya kwanza ni Massey Ferguson 135 au ndugu zake. Injini ni Perkins ya silinda tatu, farasi 45 hivi, na hakuna fundi wa matrekta nchini ambaye hajawahi kuifungua. Vipuri vyake unavipata kama sukari, vya kweli na vya bandia. Lakini 135 za Coventry ziliacha kutengenezwa mwaka 1975, kwa hiyo changa kuliko zote lina umri wa nusu karne. Unanunua historia ya mafundi wote waliolipitia, pamoja na yule aliyefunga bolti kwa nyundo.

Ya pili ni hayo madogo ya Kijapani, Kubota, Yanmar, Iseki na wenzake, farasi 15 hadi 30, mengi yakiwa na rotaveta yake na gia ya kusukuma magurudumu yote manne. Kwa kazi kama za daftari langu, haya ndiyo ninayoyapendelea. Yanageuka kwenye nafasi finyu, yanaingia kati ya mistari ya migomba, na kwa kazi ya kawaida yananywa dizeli lita mbili hadi tatu na nusu kwa saa. Shida yake ni kwamba modeli nyingi zilitengenezwa kwa soko la Japani peke yake: maandishi yote ni ya Kijapani, na kipuri kinaweza kusafiri kuliko wewe. Kabla hujalipa, chukua namba ya modeli na ya injini, nenda dukani ukaulizie vitu vitatu: filta ya oili, sahani ya klachi na sili za ekseli ya mbele. Ukijibiwa "tutaagiza", waambie waagize kwanza, ulione boksi mkononi ndipo urudi kwa mwenye trekta. Mimi nililiacha moja zuri sana kwa sababu hiyo na sijutii. Sawa, najuta kidogo.

Siku ya kwenda kulikagua

Fika asubuhi mapema na kabla hujasalimiana sana weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya vuguvugu, mwenye mali ameshaiwasha kabla yako, na anayo sababu. Iombe ipoe au urudi kesho. Injini ya baridi ikiwaka kwa moshi mweupe wa sekunde chache si tatizo. Moshi wa bluu usiokwisha maana yake inakula oili. Ikiwa inaunguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Pumzi ikitoka kwa kishindo, kama sufuria ya wali inayochemka, ringi za pistoni zimechoka.

Kisha chomoa stiki za kupimia oili, ile ya injini na ile ya gia. Ya gia ndiyo wengi wanaisahau. Haya matrekta yalimaliza ujana wake kwenye majaruba ya mpunga huko Japani, ekseli zikiogelea kwenye tope, na maji yakipita sili yanakwenda kwenye gia. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa inakuambia hivyo bila mkalimani. Piga magoti uangalie na vikombe vya magurudumu ya mbele kama vinalia oili.

Nyanyua rotaveta juu kabisa, zima injini, halafu vuta kiti mpige soga robo saa. Kushuka polepole kidogo ni uzee wa kawaida. Ikiwa imeshalala chini hujamaliza hadithi, haidroliki inavuja ndani. Wakati huo injini ikiwa imezimwa, shika shafti ya PTO uitikise: meno yake sita yawe na kona zake, yasiwe yamelika kama kipande cha sabuni.

Kujaribu magurudumu ya mbele ni rahisi na wauzaji hawapendi. Weka gia ya manne, pita sehemu ngumu, kata kona hadi mwisho. Usukani unapaswa kuwa mzito na trekta liwe linasukasuka. Likigeuka kwa upole kama kawaida, mbele hakuna kinachofanya kazi. Mita ya masaa isikuhangaishe sana, maana zile za zamani huhesabu mizunguko ya injini, si saa za ukutani: trekta lililofanya kazi kwa nusu mwendo limehesabiwa nusu. Angalia mpira wa pedali ya klachi. Mpira uliolika hadi chuma ukaonekana hauwezi kuwa wa masaa 600.

Usisahau futi ya kupimia. Pini za mikono ya chini ya matrekta madogo kabisa ni milimita 16, za wastani 22, za makubwa 28, na zana ulizoahidiwa kuazimwa zinaweza zisiingie. Rotaveta nyingi za Kijapani zimefungwa kwa kishikio chake maalumu ambacho hakishiki zana nyingine. PTO yake nayo mara nyingi ina gia tatu au nne, na zana nyingi za hapa zimeundwa kwa mizunguko 540 kwa dakika, ambayo hukaribiana na gia ya kwanza. Mtu akipukuchua mahindi kwa gia ya tatu, mashine itarusha magunzi hadi kwa jirani kabla haijapasuka.

Na tela. Mita moja ya ujazo ya mchanga ina tani moja na nusu na zaidi, kwa hiyo tela linaloonekana dogo linaweza kuzidi trekta lako, na kwenye mteremko ndilo litakaloamua mnakwenda wapi. Tela lisilo na breki silijazi kupita uzito wa trekta, hata kama kuna haraka. Ile shafti ya PTO nayo iwe na gamba lake la plastiki. Kazi ya kukatakata majani kwa kawaida inafanywa na kina mama, na upindo wa kanga ukinaswa kwenye shafti inayozunguka mara tisa kwa sekunde, hakuna muda wa kupiga kelele. Gamba lile ni bei ya kuku wachache.

Jirani yangu alilirudisha plau jioni ileile. Sasa kila mwezi wa tatu anamwita mwenye sahani tatu kama sisi wote, analipa, anapiga soga naye chini ya mwembe. Trekta lake dogo utalisikia saa kumi na moja jioni likikatakata mabingobingo ya ng'ombe, na asubuhi likipita na mapipa ya maji kijitoni. Kwenye yale mashimo mawili alipanda mipapai.